Tulisoma Pamoja: Je, Yatosha?



Katika mji wetu wa Lubumbashi kuna neno moja linalofungua milango mingi. Si neno la cheo, wala la fedha. Ni hili tu: «Tulisoma pamoja.» Mtu anafika mbele ya meza ya karani mkali, anaogopa kusema shida yake, mara karani anamtazama tena na kusema: «Ee, si wewe uliyekuwa ukikaa nyuma yangu katika masomo ya kambi?» Hapo uso unalegea, kiti kinavutwa, habari za watoto zinaulizwa, na watu wengine mlangoni wanangoja kidogo.

Matangani ni vile vile. Usiku ukiwa mkubwa, nyimbo na sala zikiisha, wale waliosoma pamoja wanasogeza viti vyao upande mmoja karibu na moto. Mmoja anakumbusha kipande cha reli kilichotundikwa mtini, ambacho mwalimu alikipiga kwa chuma asubuhi, na ole wake aliyekuwa bado njiani. Mwingine anakumbusha kichuguu cha nyuma ya masomo, kikubwa kama nyumba, tulichokipanda ili kutazama moshi wa kiwanda. Mwingine anataja vyakula vya mapumziko: huyu alileta vinkubala vya kukaanga, yule muhogo, yule kitumbula kimoja cha kugawana na watu watano. Mmoja alisema Kibemba nyumbani, mwingine Kiluba, mwingine Kisonge, mwingine Kinyarwanda. Lakini mchezoni tulisema Kiswahili sote, na tuligombana kwa Kiswahili sote. Tunacheka, na aliyefiwa anacheka nasi kidogo, na usiku unakuwa mfupi.

Siku zilizopita tulikuwa katika matanga ya namna hiyo. Tulikuwa tukihesabu waliobaki wa darasa letu, sisi tulioingia masomo miaka ya 1970. Mama mmoja mzee, mjane wa mwalimu, alikuwa akisikiliza. Mwisho akasema: «Wanangu, mnahesabu vizuri. Lakini mnahesabu waliopo hapa na waliokufa. Wale wa treni, mbona hamwahesabu?»

Tulinyamaza. Kila mmoja alijua anasema juu ya nani. Na tangu usiku ule neno lake halituachi. Ndiyo sababu twataka kufikiri pamoja nanyi juu ya maulizo mawili. La kwanza: kumbukumbu tamu za masomo yetu, je, ni kweli, au tunajidanganya? La pili: mtu aliyesoma pamoja na mwenzake, anadaiwa kitu gani?

Mchanganyiko wetu ulitoka wapi

Tuanze na asili. Kampani ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na mji wa Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, ulianzishwa mwaka 1910. Katika mwaka uleule wamonaki Wabenedikto walifika Katanga pamoja na Padri Jean-Félix de Hemptinne, ambaye baadaye alikuwa askofu. Wasalesiani walifika mwaka 1911. Shaba ilikuwa nyingi, watu wa kuichimba walikuwa wachache. Basi kampani ilitafuta vibarua mbali: Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na Luapula, na Lomami, na Kasai, hata Rwanda na Burundi.

Mwanzoni walichukuliwa kwa miezi michache, wakarudishwa kwao. Wengi walikufa kwa magonjwa na kwa kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 wakubwa wa kampani waliona ya kwamba kuleta watu wapya kila mara ni gharama kubwa. Wakageuza mpango: mfanyakazi aandikwe kwa miaka mitatu, aje na mke wake, apate nyumba na posho, azae watoto kambini. Watoto wakazaliwa, na watoto wakizaliwa, masomo yanahitajiwa. Kampani ikatoa majengo, misioni ikatoa walimu. Na kwa kuwa haikuwezekana kufundisha katika lugha za makabila yote, Kiswahili kikawa lugha ya darasa, ingawa kwa wazazi wachache sana kilikuwa lugha ya mama.

Mnaona basi. Hakuna aliyetuweka pamoja kwa sababu alitaka tupendane. Mchanganyiko wetu haukuzaliwa na upendo, ulizaliwa na shaba. Na hata mchanganyiko huo ulikuwa na ukuta wake. Watoto wa Wazungu walisoma mahali pengine, katika majengo mengine, na kwa vitabu vingine. Mlango wao haukufunguliwa kwa watoto weusi ila kidogo sana, tena katika miaka ya mwisho ya ukoloni. Wasichana walikuwa wachache kuliko wavulana, na wengi walifundishwa kushona na kutunza nyumba zaidi ya hesabu. Tena katika vitambulisho vya serikali kila mtu aliandikwa kabila lake. Mwalimu aliita jina la mtoto. Ofisi iliandika kabila la baba.

Je, asili inaharibu tunda?

Wako wanaosema: «Kama ni hivyo, acheni kusifu masomo yale. Yalikuwa kiwanda cha kutengeneza wafanyakazi watulivu.» Neno hili lina ukweli ndani yake, na hatulikatai lote. Lakini tufikiri. Mtu akichimba kisima kwa ajili ya ng'ombe wake, msafiri akipita na kunywa, je, maji hayatamwondolea kiu kwa sababu kisima hakikuchimbwa kwa ajili yake? Nia ya mchimbaji ni kitu kimoja, maji ni kitu kingine. Mtoto wa Kasai alipomgawia mtoto wa Luapula nusu ya kitumbula chake, hakukuwa na kampani katika mkono wake. Tendo lile lilikuwa lake mwenyewe. Lilikuwa jema, na linabaki jema.

Kwa hiyo tunajibu: kumbukumbu zetu si uongo. Furaha ile ilikuwako kweli.

Lakini neno lilelile linatushika upande wa pili. Kama ubaya wa mchimbaji si ubaya wetu, basi hata kukaa kwetu pamoja si sifa yetu. Mtoto anakaa pale anapokalishwa. Hakumchagua jirani yake wa benchi, alimzoea. Na kuzoeana si kupendana. Mazoea ni kama njia iliyokanyagwa na miguu mingi: miguu inaifuata bila mtu kufikiri. Upendo unaonekana siku ile njia inapofungwa, mtu akaamua kupita katika majani na miiba ili amfikie mwenzake. Kabla ya siku hiyo hatuwezi kujua kama tulikuwa ndugu, au watu waliokalishwa pamoja tu.

Siku ya kujaribiwa

Kwetu siku hiyo ilifika mara mbili. Wazazi wetu waliiona ya kwanza. Katanga ilijitenga na Kongo tarehe 11 Julai 1960, na utengano huo ulikwisha mwezi wa Januari 1963. Katika wakati ule, mwaka 1961, Waluba kwa maelfu walikimbia nyumba zao katika mitaa ya Elisabethville, wakakaa katika kambi ya mahema na majani chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa. Walikuwa watu waliopanga foleni moja ya posho na jirani zao kwa miaka mingi.

Ya pili tuliiona sisi wenyewe. Kwanza kazi ilianza kufa. Mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka mwezi wa Septemba 1990; Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilishuka miaka michache baadaye mpaka chini ya sehemu ya tano yake. Mahali penye chakula kidogo, watu wanahesabu vinywa vya jirani. Siasa ikaja kutia mafuta motoni: tangu mwezi wa Agosti 1992 watu wenye asili ya Kasai walianza kufukuzwa Likasi, na katika mwaka 1993 Kolwezi. Walifukuzwa kazini na nyumbani, kwa mamia ya maelfu. Walilala kwenye vituo vya treni wiki nyingi, wengine miezi, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka Kasai, nchi ambayo wengi wao hawakuwa wameiona kwa macho. Watoto wengi na wazee walikufa pale kituoni au njiani.

Hao ndio wale wa treni. Baadhi yao walikuwa wamekaa nasi benchi moja.

Na sisi tulifanya nini? Tuseme wazi, maana kusema nusu ya kweli ni kusema uongo. Walikuwapo kati yetu waliomficha mwenzao chumbani, wakampelekea maji na unga kituoni usiku, wakatukanwa kwa sababu hiyo. Walikuwapo walioimba pamoja na vijana wa barabarani. Lakini wengi wetu hatukufanya hili wala lile. Tulifunga madirisha. Tuliambiana: «Ni mambo ya wakubwa.» Na nyumba zilipobaki tupu, wengine wetu waliingia wakakaa.

Mtakatifu Augustino anasimulia katika kitabu chake cha Maungamo jinsi alivyoiba mapeasi ya jirani usiku, alipokuwa kijana wa miaka kumi na sita, pamoja na rafiki zake. Hakuwa na njaa, mapeasi hayakuwa matamu, wakawatupia nguruwe. Anajiuliza kwa nini aliiba, na anaona ya kwamba kama angalikuwa peke yake asingaliiba. Neno hili linatutisha sisi tunaosifu kusoma pamoja. Maana kundi lilelile linalomfundisha mtoto kugawa chakula linaweza kumfundisha kuona haya ya kuwa tofauti na wenzake. Aliyezoea kufanya kama benchi lote, siku benchi lote linapokosa, atatoa wapi nguvu za kusimama peke yake?

Majibu mawili tusiyoyakubali

Watu wakisikia habari hii wanajibu kwa namna mbili, na zote mbili hazitoshi.

Jibu la kwanza: «Basi masomo hayakufaa kitu. Kabila ni kabila.» Lakini waulizeni waliowaficha wengine. Hawakumficha mtu yeyote tu. Kila mmoja alimficha yule aliyemjua: yule waliyenakiliana hesabu, yule ambaye mama yake alimpa chakula siku alipofiwa. Kujuana kulikuwa mlango, na baadhi walipita mlangoni. Mlango hautembei kwa miguu yako, lakini bila mlango ni ukuta tu.

Jibu la pili: «Masomo hayana kosa, ni wanasiasa waliotuharibu.» Ni kweli, midomo ilikuwa ya wanasiasa. Lakini mikono ilikuwa yetu. Tena masomo yenyewe hayakuwa nje ya jambo. Tunasahau ya kwamba benchi moja lilitoa vyeti tofauti. Mwisho wa mwaka mmoja alishinda akaenda mbele, akawa karani au mkubwa wa ofisi. Mwingine alianguka, akashuka mgodini kama baba yake. Watu wa Kasai walikuwa wameshika masomo kwa nguvu tangu mapema, na wengi wao walipata kazi za ofisini. Wivu ukazaliwa palepale darasani, nasi hatukuwa na mtu wa kutufundisha jinsi ya kumfurahia mwenzetu aliyetupita. Tulifundishwa kushindana; hatukufundishwa kushindwa.

Hata majina yakasaidia kutugawa. Mwaka 1972 majina yetu ya ubatizo yaliondolewa katika vitabu vya serikali na vya masomo. Yule aliyeitwa Joseph akaitwa kwa jina la babu yake, na kila jina likasema wazi mtu ametoka upande gani. Kuwa na jina la babu si kosa, ni heshima. Kosa ni kusoma katika jina hilo sababu ya kumpenda mtu au ya kumchukia.

Deni, wala si zawadi

Augustino huyohuyo anafananisha kumbukumbu na tumbo la roho. Furaha na huzuni zinaingia humo na kukaa, lakini ladha yao haibaki: mtu anaweza kukumbuka uchungu bila kusikia uchungu. Tumeona ya kwamba ni kweli. Ndiyo sababu usiku kando ya moto tunaweza kusimulia fimbo za mwalimu na kucheka. Lakini hapo pana hatari. Kama uchungu wetu wenyewe unapoteza ladha tumboni, uchungu wa wengine unaipoteza upesi zaidi. Tunabaki na kichuguu, na reli, na vinkubala. Na waliokaa karibu nasi juu ya kichuguu wanafutika polepole.

Kwa hiyo tunafikiri ya kwamba kumbukumbu njema ya utoto si mali ya kujivunia. Ni deni. Wale wenzetu walitupa kitu kabla hatujastahili: walitujua. Walijua ni nani anayeogopa ngurumo, nani hana viatu, nani baba yake anakunywa. Aliyejulikana namna hiyo hawezi tena kusema juu ya mwenzake: «Watu wale.» Amepoteza haki ya kusema «watu wale». Anadaiwa kusema jina.

Na deni hili si la watu wa kale tu. Serikali ilitangaza masomo ya msingi kuwa ya bure tangu mwezi wa Septemba 2019, kama katiba ya mwaka 2006 ilivyoagiza, na madarasa yakajaa watoto kupita kiasi. Treni na malori yanaleta tena watu kutoka Kasai wanaotafuta maisha, na maneno ya zamani yanasikika tena sokoni. Watoto wao wanabanwa benchi moja na wajukuu wetu. Wajukuu hawana shida: wamekwisha kuanza kugombania mpira kwa Kiswahili. Wanatusikiliza sisi tunaposema mezani, wakati wa kula bukari. Neno moja la babu juu ya «wale wageni» linaweza kubomoa kazi ya mwalimu ya mwaka mzima.

Basi, ndugu zetu, tufanye nini? Wazazi wawafundishe watoto kumfurahia aliyewapita darasani. Walimu wasimwite mtoto kwa kabila lake, hata kwa mzaha. Na sisi wazee, tunapokumbuka, tutaje majina yote.

Usiku ule wa matanga tulijaribu. Baada ya neno la yule mama, mmoja wetu alianza kuita majina kama mwalimu alivyoyaita asubuhi, kwa kufuata mabenchi, na sisi tukajibu kwa ajili ya wasiokuwapo: huyu amekufa, huyu yuko Zambia, huyu yuko Ruashi. Tulipofika benchi la tatu tukasimama. Kijana mmoja, mtoto wa marehemu, akasema anayo namba ya simu ya mmoja wa wale wa benchi lile, aliye Mwene-Ditu. Asubuhi tukampigia.

Alinyamaza kwanza. Kisha akasema: «Mnanipigia leo, baada ya miaka thelathini?» Hatukuwa na jibu. Akauliza: «Kichuguu kipo bado?» Tukamwambia kilivunjwa zamani, wakajenga nyumba. Akacheka. Halafu akauliza kwa sauti ileile: «Na nyumba ya baba yangu, nani anakaa humo?»

Ulizo la kwanza tulilijibu upesi. La pili, kila mmoja alimtazama mwenzake. Tunajua nani anakaa humo. Tulimwomba atupe wiki moja, tukazungumze kwanza na wenye kukaa, halafu tumpigie tena. Akakubali, na akasema: «Mimi ninangoja. Si mmesema tulisoma pamoja?»